Bi Tatu alishushwa Segera: tuliyojifunza kuhusu kulinda vikaragosi na vyombo vya shoo safarini

Nianze na ile safari ya 2017 mana ndiyo iliyonifundisha kuliko zote. Tulikuwa wanne, tunatoka Dar kwenda Tanga kufanya maonyesho kwenye shule tatu za msingi, enzi hizo mabasi ya mikoani bado yanaondokea Ubungo kabla stendi haijahamia Mbezi, na mzigo wetu wote tulikuwa tumeupanga kwenye tranka moja la bati, lile jeusi la wanafunzi wa bweni, kufuli mbili, ndani vikaragosi tisa, yaani wanasesere wa maigizo wa kuvaa mkononi, Bi Tatu akiwa mmoja wao, spika ya kuchaji, maiki mbili, miksa ndogo, ekstenshen na pazia. Vyote humo humo. Tuliona ni akili, kitu kimoja ni rahisi kukichunga kuliko vitu sita, na tranka la bati lina kufuli, nani atalifungua barabarani.

Hakulifungua. Alilibeba zima zima.

Tulipofika Tanga buti likafunguliwa, mabegi ya watu yakatoka, magunia yakatoka, baiskeli ya mtoto ikatoka, tranka hakuna. Utingo akasema mbona tranka jeusi limeshushwa Segera, mwenyewe alikuja akasema ni lake, akataja rangi na akataja kufuli mbili. Nikamwambia kaka mwenyewe ni mimi hapa. Akaniangalia tu. Hatukuwa na risiti ya mzigo, hatukuwa na alama yoyote, tulichokuwa nacho ni tiketi nne za abiria na maneno. Na kiukweli kwa utingo, mtu aliyesema "lile jeusi lenye kufuli mbili" na mimi niliyekuwa nalia pale stendi tulikuwa na ushahidi sawa sawa.

Tukaenda polisi tukafungua jalada tukapewa RB, ile namba ya taarifa, usiku ule tukalala kwa mama yangu Tanga, hakuna aliyekula. Kesho yake shule ya kwanza tulienda mikono mitupu tukawasimulia watoto hadithi kwa midomo tu. Siku ya tatu asubuhi nikapigiwa simu na namba nisiyoijua, mama mmoja anaongea kwa wasiwasi, ananiuliza wewe ndo mwenye hii namba iliyoandikwa kwenye gauni? Nikamwambia gauni gani mama. Akasema watoto wameenda kuokota kuni pembeni ya mkonge huku Hale wamerudi wanakimbia wanasema kuna watu wadogo wamelala chini.

Ile namba niliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino ndani ya pindo la nguo ya kikaragosi mmoja, wala sikuiandika kwa ajili ya wizi, niliiandika kwa sababu nilimpelekea fundi cherehani nguo tano na nikaogopa atazichanganya na za wateja wengine. Namba niliyoiandika kwa ajili ya fundi cherehani ndiyo iliyoturudishia vikaragosi sita. Mpaka leo kila kikaragosi wetu ana namba mbili za simu zimeshonwa kwa uzi ndani ya nguo na moja imeandikwa shingoni kwa ndani, nikisema kushonwa namaanisha kushonwa mana wino unafutika mvua ikinyesha, na pale Hale mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ile namba ilibaki inasomeka kwa neema ya Mungu tu.

Tuliwakuta wametupwa kwenye mtaro kati ya mistari ya mkonge, sponji zimevimba maji, vichwa vya makaratasi viwili vimeyeyuka nusu kama uji. Sita. Watatu hawakuwepo na mmoja wao ni Bi Tatu, ambaye kichwa chake kilikuwa cha mti wa msufi, alinichongea mwalimu wangu Bagamoyo miaka hiyo nikiwa najifunza, na mwalimu alishafariki. Spika na maiki na miksa havikuonekana tena, na tranka pia.

Nilikaa na hilo jambo muda mrefu na kitu nilichokuja kukielewa ni hiki, mwizi hakuwa na haja na Bi Tatu hata kidogo. Alitaka spika. Pengine hakujua hata kama humo ndani kuna vikaragosi, alijua tranka la bati lenye kufuli mbili ni la mtu mwenye kitu. Spika yetu tuliinunua laki tatu na nusu na inauzika popote, kikaragosi wa sponji hauziki kokote, ukimpeleka kwa mtu akununulie atakuuliza una akili. Kwaiyo vitu ambavyo mwizi hana shida navyo, ambavyo kwangu ndiyo kila kitu, viliondoka kwa sababu niliviweka chumba kimoja na kitu anachokitaka. Spika nilinunua nyingine baada ya miezi minne. Bi Tatu sinunui popote.

Tangu siku ile sheria yetu ya kwanza ni kwamba vikaragosi na vyombo vya umeme havisafiri pamoja. Hata kama tunasafiri na gari moja, havikai mfuko mmoja. Vikaragosi vinaingia kwenye begi la shangazi kaja, lile la mistari ya bluu na nyekundu kila mtu analijua, juu yake natandika kanga mbili na sufuria dogo, na hilo begi halilali kwenye buti wala halipandi juu ya keria, linakaa na mimi miguuni au mapajani, kama ni safari ya masaa kumi basi masaa kumi. Konda wengine wanasumbua, wananiambia dada hilo lipeleke nyuma linaziba njia, naongea nao kwa upole kabla gari halijaondoka na ikibidi nalipia siti ya ziada. Kulipia siti inauma lakini ukipiga hesabu ya kutengeneza kikaragosi mmoja, sponji, kitambaa, nywele, waya, na wiki nzima ya kukaa na sindano, siti ni rahisi sana.

Na vyombo vya umeme navyo sikuhizi havikai kwenye kitu kinachong'aa. Mwizi wa stendi anasoma mzigo kama wewe unavyosoma bango. Kasha jeusi lenye kona za chuma linasema humu kuna kamera, tranka lenye kufuli linasema humu kuna hela. Sisi waya zote, maiki na miksa tunaweka kwenye ndoo za rangi za lita 20 zilizokwisha, tunaziacha na michirizi yake ya rangi kwa nje, ndani tunaweka vipande vya godoro kuzuia kugongana, mfuniko unabana vizuri hata vumbi la njia ya Handeni haliingii. Spika inaingia kwenye boksi la karatasi la sabuni halafu kiroba juu tunashona mdomo kwa sindano ya magunia. Mtu akitaka kuiba lazima akate kiroba mbele za watu. Hajawahi kutokea.

Sasa kwenye basi lenyewe. Risiti ya mzigo dai, hata ukiambiwa aah huo mdogo weka tu. Omba iandikwe idadi, na kila furushi letu limeandikwa kwa maka pen namba yake, 1 kati ya 4, 2 kati ya 4, hivyo hivyo, mana ukiandika namba tupu hujui zimebaki ngapi ila ukiandika kati ya ngapi hata utingo mwenyewe anakusaidia kuhesabu. Mmoja wetu anakaa dirishani upande ule ambao buti letu limefungiwa, sio upande wowote, upande ule ule, na kila basi linaposimama na kusikia mlango wa buti unafunguliwa anashuka. Chalinze anashuka, Mkata anashuka, Segera anashuka hata kama hana haja ndogo. Anasimama tu pale anaangalia. Haongei na mtu, hagombani na mtu. Nimegundua watu wengi wanaoshusha mizigo ya wengine wanategemea kitu kimoja tu, kwamba mwenyewe kalala au anakula chipsi. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 hili limekuwa gumu zaidi mana saa nane ya usiku kila mtu kalala, kwaiyo sisi tukisafiri usiku tunapeana zamu kama walinzi, mtu masaa mawili, anayefuata anaamshwa.

Bodaboda na bajaji za kutoka stendi hadi gesti ni sehemu nyingine watu wanaidharau. Kabla mzigo haujapanda tunapiga picha ya namba ya pikipiki, waziwazi, dereva anaona, na tunamwambia kaka ni utaratibu wetu usijisikie vibaya, wengi wala hawajali. Mzigo haupandi peke yake na dereva hata kama ni mita mia mbili. Ukienda Zanzibar nayo ina mambo yake, ukishuka boti pale Malindi wachukuzi wanakuja kwa kasi na kila mmoja anashika begi lako moja, ndani ya dakika moja mizigo yako minne iko na watu wanne wanaenda pande nne. Sio kwamba ni wezi, wanatafuta riziki, ila kwenye ule msongamano ndipo kitu kinapopotea. Chagua mmoja, mwambie utamlipa hela ya mizigo yote, tembea nyuma yake sio mbele yake.

Kuna jambo nataka nilizungumze kwa kirefu kidogo mana nimeona wasanii wenzangu wanalifanya na mimi mwenyewe niliwahi kushauriwa nilifanye. Ni ile ya kutisha watu. Wanafunga kitambaa chekundu kwenye boksi, hirizi, kibuyu, mbegu mbegu, ili mtu akiliona aogope kuligusa. Na inafanya kazi, siwezi kusema haifanyi. Nimekwenda Bujora kule Mwanza wakati wa sikukuu ya Bulabo, Wasukuma wanaposhindana ngoma makundi mawili, Bagika na Bagalu, wacheza nyoka wanakuwa na masanduku ya nyoka, sijaona mtu hata mmoja akilisogelea lile sanduku, linakaa peke yake watu wamelizunguka kwa mbali. Ila pale kila mtu anajua lile ni la nyoka na wale ni wacheza ngoma, ni kitu cha wenyeji wenyewe kinafahamika. Mimi mgeni ninayeingia kijijini na boksi la hirizi ndani kuna watu wadogo wenye nywele na macho, je? Akilifungua mtu asiyejua, haibi. Anapiga yowe.

Ilitutokea, na wala hatukuwa na hirizi yoyote. Tulikuwa gesti, mkoa siutaji, dada wa usafi akaingia chumbani tukiwa tumeenda kula, begi zipu imeachia akaona mkono wa kikaragosi mtoto umetokeza nje. Tunarudi tunakuta watu kama thelathini mlangoni, wanasema kuna maiti ya mtoto, wengine wameshaokota mawe. Nchi yetu hii watu wameuawa kwa kushukiwa uchawi tu, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, huwezi kusimama mbele ya watu wa namna ile ukaanza kueleza habari za sanaa. Kilichotuokoa ni mwenyekiti wa mtaa, mana asubuhi yake tulipita kwake tukajitambulisha, tukamwonyesha barua ya shule, na mwenzetu alikuwa amemtolea kikaragosi mmoja akamsalimia shikamoo baba mwenyekiti, mzee akacheka. Alipokuja jioni akasema kwa sauti, hao ni wanangu, hizo ni sanamu za maigizo, tawanyikeni. Nilitetemeka mpaka alfajiri.

Kwaiyo msimamo wangu ni kwamba usilinde mali yako kwa hofu ya watu, hofu haina kamba ya kuishikia. Njiani ficha, mahali unapofikia jitangaze. Ukifika mtaa au kijiji kitu cha kwanza ni kwa mwenyekiti au mtendaji, unaacha majina, unaonyesha mlivyobeba, na mimi ndani ya begi juu kabisa chini ya kanga naweka karatasi yenye picha yetu tukiwa na vikaragosi mbele ya watoto na maandishi makubwa VIKARAGOSI VYA MAIGIZO na namba ya simu. Mtu akifungua kwa bahati mbaya anaona picha kabla hajaona mkono. Na mwenyekiti akishawajua mnakuwa wageni wake, kuwaibia nyie ni kumwibia yeye, na habari zinazunguka haraka kuliko tangazo.

Wakati wa shoo yenyewe ndio tupo wazi kuliko muda wote na wachache wanalifikiria. Mcheza vikaragosi yuko nyuma ya pazia, mikono yote miwili iko juu, macho yanaangalia juu, masikio yanasikiliza mwenzake anasema nini. Huoni chochote cha mbele. Mwaka 2019 tulikuwa tunacheza uwanja wa wazi, watu wengi, maiki ya tatu ya akiba ilikuwa juu ya spika mbele kidogo ya pazia, tulipomaliza haipo na chaja ya spika haipo na hakuna aliyeona, watu mia tatu walikuwa wanaangalia upande ule ule. Sasa tunahakikisha hakuna kitu chochote mbele ya pazia zaidi ya spika yenyewe, na spika imefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo wa baiskeli wenye kufuli, na mabegi matupu yako kati ya miguu yetu nyuma. Na tunaweka mtu mmoja wa pale pale. Tulijaribu vijana, tukajaribu mgambo, mtu bora tuliyewahi kumpata ni mama muuza vitumbua au karanga, anakuja na beseni lake tunamwomba akae upande wa nyuma wa pazia tunanunua vitumbua vyote vilivyobaki mwisho wa shoo. Anawajua watoto wote kwa majina na anawajua mama zao. Hakuna kijana anayepita nyuma ya mama huyo akajifanya kapotea njia.

Halafu kuna wizi ambao sijui hata kama niuite wizi. Shule moja Morogoro vijijini tulimaliza shoo tukahesabu, kikaragosi wetu Kobe hayupo. Tulitafuta mpaka jua linazama, mwalimu mkuu akakusanya watoto akatishia viboko nikamwomba asifanye hivyo. Saa moja usiku akaja baba mmoja na baiskeli, kamshika mkono mwanae wa darasa la pili, Kobe kafungwa kwenye kitenge. Mama yake kamkuta amelala naye. Mtoto hakulia wala hakusema chochote, nilimuuliza ulitaka kumpeleka wapi akasema nilitaka kumwona mdomo unavyofunguka. Yule mtoto alikaa mbele kabisa saa nzima anaangalia mdomo wa Kobe unafunguka na sisi tulipomaliza tukafunga pazia, tukaweka kila kitu kwenye begi haraka haraka kwa sababu tunaogopa kuibiwa.

Kuna wazee wa kazi hii wanaamini mtazamaji hatakiwi kabisa kumwona kikaragosi akiwa hana mkono ndani, wanasema unamuua. Nawaheshimu, na najua ni mila ya watu wengi, hata Wamakonde kinyago cha mapiko hakionyeshwi hovyo, kinatoka kwa muda wake na kina watu wake. Ila kwa shoo zetu za shuleni nimebadilisha. Tukimaliza, wawili wanabaki nyuma wanapanga vyombo, wawili tunatoka mbele na Kobe na wenzake tunasalimiana na watoto, tunawaacha waguse pua, waweke vidole mdomoni kwa Kobe, wanaotaka kujua tunawaonyesha waya ulipo. Dakika ishirini. Tangu tuanze hivyo hatujapoteza kikaragosi hata mmoja shuleni, wala hakuna tena mtoto anayechungulia chini ya pazia, mana kile alichokuwa anakitafuta amepewa.

Lile la ndani ya kundi ni fupi ila lazima niliseme. Tulipoteza spika ya pili sisi kwa sisi. Mwenzetu mmoja aliiweka rehani kwa mtu, akasema imeibiwa gesti, tukajua baada ya wiki mbili. Tulimkasirikia sana, tulimtoa kundini. Baadaye nilipotulia nikaangalia daftari nikaona yule kijana tulikuwa hatujamlipa miezi miwili, tulikuwa tunamwambia subiri wafadhili, na alikuwa na mke aliyejifungua. Haihalalishi alichofanya. Lakini tulikuwa tunanunua kufuli na huku mtu mwenye ufunguo ana njaa. Sasa hivi hela ya shoo ikiingia wanalipwa watu kwanza ndipo vinanunuliwa vitu, na kuna daftari, nani katoka na nini, tarehe gani, karudisha lini, kila mtu anasaini mpaka mimi. Na namba za kiwandani (serial) za chini ya spika na miksa zimeandikwa humo, pamoja na alama yetu ambayo tumeichoma kwa msumari wa moto kwenye plastiki kwa chini. Ile alama ya msumari ilishatusaidia mara moja, fundi redio tunayefahamiana aliletewa miksa kutengeneza akaigeuza akaona alama akatupigia simu.

Na picha. Piga picha kila kitu mbele, nyuma, na kwa karibu pale penye kasoro, jitumie mwenyewe kwenye imeili yako, mana ukiziacha kwenye simu na simu ikaenda na begi umepoteza vyote. Kuna habari moja huwa nawasimulia vijana wanaojiunga na sisi ili waelewe kwa nini nawasumbua na picha. Mwaka 1984 makumbusho ya taifa pale Dar yalivunjwa vikaibiwa vitu 17, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Kile kinyago kilikuja kuonekana kwenye makumbusho binafsi Geneva, Uswisi, na kilirudi Tanzania 2010. Miaka 26. Sasa fikiria ni makumbusho ya taifa, yana kumbukumbu, yana serikali nyuma yake, imechukua miaka 26. Mimi na wewe ambaye kitu chetu hakipo hata kwenye picha moja iliyo safi tutathibitisha vipi kwamba ni chetu. Na vichwa vya mti ndivyo vya kuangalia zaidi, sponji haina soko lakini kichwa kilichochongwa kinaweza kuuzwa kama kinyago kwa watalii, ndiyo maana mpaka leo nadhani Bi Tatu hakutupwa na wenzake. Nimeshapita maduka ya vinyago mengi sana nikiangalia.

Mwaka ule ule wa 2017 nilipokata tamaa ya kumpata nikaanza kumtengeneza upya, na hapo ndipo nilipojua kosa kubwa kuliko tranka. Sikuwa na kipimo chake hata kimoja. Nilikuwa na picha mbili za simu zenye giza. Nilichonga nikakosea, nikachonga tena, mwisho nikafinyanga kwa udongo usiku nikiwa nimefumba macho nakumbuka kwa vidole jinsi shavu lake lilivyokuwa, kidevu kile kilichochongoka, na nilipofika kwenye macho nikampigia mama simu saa sita usiku kumuuliza lile jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia au kinyume chake. Mama alikuwa anakumbuka. Huyu Bi Tatu wa sasa ni wa makaratasi na gundi ya unga wa muhogo, mwepesi kuliko yule, shingo inageuka vizuri zaidi. Watoto hawajui tofauti. Mimi nikimvaa mkono unajua.

Kwaiyo sasa kila kikaragosi kabla hajapanda jukwaani mara ya kwanza uso wake unatolewa kalibu ya plasta, na nguo zake zinakatiwa patani kwenye karatasi ngumu, na vyote hivyo havikai Dar tunakofanyia kazi wala havisafiri na sisi. Viko Tanga kwa mama, kumi na moja mpaka sasa, chini ya kitanda chake kwenye maboksi yaliyofungwa na nailoni. Anavijua vyote kwa majina. Wiki iliyopita kanipigia simu kasema mvua imepitisha maji upande wa dirishani, boksi mbili zimelowa kwa chini, kazihamishia kwa jirani kwa muda ila hajui kama plasta ikilowa inaharibika au inakauka tu. Nimemwambia asizianike juani mpaka nifike. Naondoka Jumamosi na basi la saa kumi na mbili asubuhi, peke yangu, na begi tupu.